Skrini Pana au ya Mraba? Pima Kwanza, Kisha Nunua

Maandishi ya mazungumzo kwa makarani wa wadi, wasimamizi wa ofisi na viongozi wa vikundi vya kijamii wanaopanga kununua kompyuta



Mchukulieni mama anayeuza nguo sokoni. Amefunga kibanda, amelipa nauli, amefika ofisi ya wadi kuuliza kwa nini bado anadaiwa ada ya kibali cha biashara ambayo alishalipa. Karani anafungua jedwali la mapato. Jina la mlipaji liko safu ya kwanza kushoto. Kiasi kilicholipwa kiko mwisho kabisa, kulia. Kwenye skrini ndogo ya mraba, safu hizo mbili hazionekani pamoja. Karani akisogeza jedwali kulia, jina linapotea. Akirudi kushoto, kiasi kinapotea. Jicho likiteleza mstari mmoja tu, atasoma malipo ya mtu mwingine, na mama ataondoka na deni lisilo lake.

Kwa hiyo swali la skrini si la urembo wa meza. Linahusu muda wa mwananchi, macho ya mfanyakazi na pesa za umma.

Skrini zinazopatikana ofisini ni za aina mbili kuu. Ya kwanza ni ile ya zamani, ambayo wengi huiita ya mraba, ingawa si mraba kamili. Uwiano wa upana na kimo chake ni 4 kwa 3, au 5 kwa 4. Ya pili ni skrini pana, yenye uwiano wa 16 kwa 9, sawa na televisheni za kisasa. Siku hizi karibu skrini zote mpya madukani ni pana. Za mraba hupatikana zaidi miongoni mwa zilizotumika.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea. Inchi zinazoandikwa kwenye kasha si upana wala kimo. Hupimwa kwa mshazari, kutoka pembe moja hadi pembe inayoikabili. Kwa sababu hiyo, skrini mbili za inchi 19 zinaweza kutofautiana sana. Ya mraba yenye uwiano wa 5 kwa 4 ina kimo cha takriban sentimita 30 na upana wa 38. Iliyo pana ina kimo cha sentimita 24 pekee na upana wa 42. Karani aliyezoea ya mraba akiletewa skrini pana ya inchi 19, ameongezewa sentimita nne za upana na kunyang'anywa sita za kimo. Ili abaki na kimo alichokuwa nacho, anahitaji skrini pana ya inchi 24.

Njia rahisi ya kuelewa ni karatasi ya A4, ambayo ina kimo cha sentimita 29.7 na upana wa 21. Skrini pana ya inchi 24 ina kimo cha karibu sentimita 30 na upana wa 53. Karatasi mbili za A4 zinaenea kando kwa kando, na nafasi inabaki. Karani anaweza kufungua barua iliyopokelewa upande mmoja na kuandika jibu upande wa pili, bila kuichapisha kwanza. Hapo karatasi na wino vinaokolewa.

Kazi ndiyo iamue. Anayeshinda na majedwali ya mapato, bajeti au orodha ya mishahara atafaidika na skrini pana. Vilevile anayelinganisha nyaraka mbili. Anayeandika barua na kumbukumbu za mikutano, ukurasa mmoja kwa wakati, hana hasara akibaki na ya mraba iliyo nzima. Ziko pia skrini pana ambazo kiegemeo chake huruhusu kuzigeuza zikasimama wima. Hizo zinamfaa anayesoma nyaraka ndefu.

Kabla ya kutoa hata shilingi, jaribuni lisilo na gharama. Programu ya Excel ina amri ya kugandisha safu, ili safu ya majina isiondoke jedwali linaposogezwa. Karani wa mfano wetu angemhudumia yule mama vizuri kwa amri hiyo peke yake.

Ikibidi kununua, tazameni mambo manne. Kwanza, idadi ya nukta. Baadhi ya skrini pana za bei nafuu zina nukta 1366 kwa 768. Skrini ya mraba ya inchi 19 kwa kawaida ina 1280 kwa 1024, kwa hiyo ile ya bei nafuu inapunguza mistari inayoonekana kwa robo. Ulizieni 1920 kwa 1080. Pili, matundu ya waya. Kompyuta kuukuu huenda ikawa na VGA pekee, na skrini mpya ikawa na HDMI pekee. Tatu, uwezo wa kompyuta yenyewe. Ikishindwa kutoa nukta zinazolingana na skrini, picha huvutwa na mhuri wa duara huonekana kama yai. Nne, kiegemeo kinachopanda na kushuka.

Kwa ofisi za umma, mambo hayo yaandikwe katika maelezo ya zabuni badala ya jina la kampuni. Maneno "skrini ya inchi 19" hayatoshi, kwa kuwa muuzaji anaweza kuleta yoyote kati ya zile mbili na asiwe amekosea. Vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, ambao sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 imewatengea angalau asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi, navyo visome maelezo hayo kwa makini kabla ya kutaja bei.

Skrini ikifika, iwekwe umbali wa mkono ulionyooshwa, ukingo wa juu ukiwa usawa wa macho au chini kidogo, na dirisha liwe ubavuni. Kila baada ya dakika 20, mfanyakazi atazame kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20. Skrini pana haiponyi macho yaliyochoka.

Zile za zamani zisitupwe jalalani. Nyingi zina taa zenye zebaki ndani. Nzima zihamishiwe kwenye kazi inayozifaa. Zilizokufa zipelekwe kwa wanaoshughulikia taka za kielektroniki.

Chukueni futi ya kupimia na karatasi moja ya A4 mnapokwenda dukani. Vitawasaidia kuliko maneno ya muuzaji.