Juu ya nini tunapima mguu wa mtoto?

Juzi mama mumoja alikasirika hapa. Alisema: "Nimetembea toka asubuhi, na ninyi munapima mguu tu! Dawa iko wapi?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Mtoto wake alipata polio.

Polio inaharibu mishipa ndani ya uti wa mgongo, ile inayotuma nyama za mguu kazi. Dawa ya kuiponya hakuna. Nyama zingine zinalegea, zingine zinabaki na nguvu. Zile zenye nguvu zinavuta goti upande wao kila siku, pole pole, mpaka goti linakataa kunyooka. Wewe mama huoni, kwa sababu unamwona mtoto kila siku.

Basi munganga wa viungo anachukua fito zake mbili zilizoungwa kama makasi. Moja anaiweka juu ya paja, moja juu ya mundi, anasoma digrii. Goti lililonyooka ni 0. Kama mwezi uliopita lilibakiza 10 na leo 20, goti linafungana. Tutaongeza kulinyoosha, ama tutalifunga plasta.

Nguvu tunapima kwa mkono, toka 0 mpaka 5. Kwa 0 nyama haistuki hata kidogo. Kwa 1 inastuka chini ya kidole, lakini mguu hauendi. Kwa 2 mguu unateleza juu ya kitanda. Kwa 3 mtoto anauinua mwenyewe. Kwa 4 anasukuma mkono wetu, na 5 ni mguu mzima. Toka 1 kufika 2, mama anasema si kitu. Sisi tunafurahi sana! Nguvu inarudi zaidi katika miezi 6 ya kwanza, kwa hiyo usikose tarehe yako.

Na nyumbani unaweza kupima, mama. Laza mtoto chali juu ya mkeka, bonyeza goti pole pole. Vidole vingapi vinaingia chini yake? Linganisha na goti lile zuri. Vikizidi, njoo mbele ya tarehe. Usisukume kwa nguvu, mfupa wa mguu uliolegea unavunjika upesi.

Lakini mtoto aliyelegea mguu kwa ghafula, hata mmoja tu, usingoje siku ya kupima. Mlete siku ileile, na asipigwe sindano kijijini.