Uchache si Ugonjwa

Nimealikwa hapa Nyamirambo, Kigali, nieleze jinsi wanasaikolojia wanavyoitambua tabia isiyo ya kawaida. Vipimo vyenyewe vimo katika kila kitabu cha mwaka wa kwanza: uchache wa tabia, uvunjaji wa kanuni za jamii, mateso ya mhusika, kushindwa kuendesha maisha. Sitawachosha navyo. Leo nina ugomvi.

Mwenzangu mmoja, msomi hodari, anawafundisha vijana kwamba kawaida ni kile jamii ilichokikubali, na anayekwenda kinyume ndiye mgonjwa. Basi, mjadala umekwisha. Hoja hiyo ameirithi kwa Ruth Benedict, mwanaanthropolojia wa Marekani, na makala yake ya mwaka 1934. Naipenda mno makala ile; nakala yangu imechakaa kwa kufunuliwa. Humo Benedict anawaeleza watu wa kisiwa cha Dobu, upande wa Guinea Mpya, waliochunguzwa na mwanaanthropolojia Reo Fortune. Kila mtu alimshuku mwenzake kwa uchawi na sumu. Mwanamke hakuthubutu kukiacha chungu jikoni bila kukilinda. Kati yao alikuwepo mtu mmoja mchangamfu, mpenda kazi, mwenye kusaidia wengine. Wenzake walimwona mpumbavu, tena kichaa wa wazi.

Benedict alikileta kisa hiki kuonyesha kwamba ukawaida hubadilika kutoka jamii hadi jamii. Mimi kila nikikisoma naona kinamgeukia mwenyewe. Yule bwana hakuwa na ugonjwa wowote. Anafanya kazi, anapenda watu, na hakuna dalili kwamba kitu kinamtesa. Kisiwa kizima kikimcheka, ni nini kimeharibika ndani yake?

Nimtendee haki Benedict: enzi zile maneno yake yalihitajika. Hata miaka karibu ishirini baadaye, J. C. Carothers, aliyewahi kuiongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mtu wa namna hiyo alistahili kuambiwa kwamba desturi za kwao si mizani ya dunia. Lakini mwenzangu atamjibu nini Samuel Cartwright, daktari wa kusini mwa Marekani, aliyetangaza mwaka 1851 kwamba mtumwa anayetoroka ana maradhi ya akili? Mabwana wengi wa watumwa walikubaliana naye.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, palikuwa na vizuizi katika barabara zetu hizi, na redio ikihimiza. Kuua ndiko kulikoamriwa. Kumficha jirani kukawa kosa. Hapa hapa Nyamirambo, Damas Gisimba aliwahifadhi watu wapatao 400 katika kituo chake cha watoto yatima. Pimeni kwa uchache: hakuwa wa kawaida. Pimeni kwa kanuni iliyotawala siku zile: alikuwa mkosaji. Alifariki mwaka 2023, na sijamsikia mtu aliyethubutu kusema alihitaji daktari wa akili. Na wauaji? Wengi wao kipimo chochote cha hospitali kingewapitisha kuwa wazima. Uovu si utambuzi wa kitabibu, nasi tusiutafutie kitanda hospitalini.

Sasa geuzeni upande wa pili. Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili wa mwaka 2018 ulikuta msongo wa baada ya kiwewe kwa asilimia 3.6 ya Wanyarwanda kwa jumla, na asilimia 27.9 miongoni mwa manusura wa mauaji ya kimbari. Zaidi ya mmoja kati ya wanne! Je, wingi huo unaufanya uwe uzima? Anayepiga kelele uwanjani katika kumbukumbu ya mauaji hayo mwezi wa Aprili hashangazi mtu hapa, lakini anaumia.

Shangazi yangu hufunga duka lake Aprili. Hapiki, hapokei simu. Majirani humletea chakula, tena bila kuuliza maswali. Hapo nakiri kwamba jamii ina sehemu yake: ilimpa nafasi ya kuumia bila kuitwa mwendawazimu. Ila nafasi hiyo haikumrudishia usingizi. Usingizi ulirudi alipoanza matibabu.

Mtaniambia: yuko mgonjwa asiyejiona mgonjwa, anayegawa mali yake usiku kucha akicheka. Ni kweli, na hapo kipimo cha mateso peke yake hupwaya. Lazima tutazame pia anachoshindwa kufanya, na nani anaumizwa. Hata hivyo, pa kuanzia kwangu hapabadiliki. Swali la kwanza ni nani anateseka. Swali la wangapi wanafanana naye lisubiri nje.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni hili: msingoje mtu avue nguo barabarani ndipo mumpeleke hospitali ya akili ya Ndera. Mwulizeni aliyenyamaza, asiyelala, anayeenda kazini kila siku bila kumshangaza yeyote. Utafiti ule ule ulikuta kwamba watu asilimia 61.7 walijua huduma za afya ya akili zipo. Waliowahi kuzitumia walikuwa asilimia 5.3.