Undugu wa Nembo

Klabu ya pikipiki ya Hells Angels ilianza California, Marekani, mwaka 1948. Kijana haingii kwa siku moja. Kwanza huwa wa majaribio: hulinda pikipiki za wakubwa, hufanya usafi, hutumwa. Wanachama wakimpigia kura, hupewa nembo ya mgongoni. Nembo ni mali ya klabu, akifukuzwa huirudisha.

Humo huitwa ndugu. Lakini Quebec, Kanada, kati ya 1994 na 2002, vita vya Hells Angels na Rock Machine viliua watu zaidi ya 150. Mwaka 1995 bomu la garini lilimwua mtoto wa miaka 11 aliyekuwa akicheza jirani.

Undugu usiomjali mtoto wa jirani si undugu.