Mali Bila Daftari



Nimeombwa niseme machache juu ya kodi. Mimi ni mtumishi wa serikali, lakini leo nasema kama mtoto wa mwenye duka.

Marehemu mama alinilipia ada ya shule hii kwa duka dogo. Hesabu zote zilikuwa kichwani mwake. Alipokadiriwa kodi hakuwa na karatasi ya kuonyesha, akalipa alichoambiwa.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa viwango vya Tanzania vilivyoanza Julai 2019, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo ya shilingi milioni 6 kwa mwaka, asiye na kumbukumbu, alitozwa 100,000. Mwenye kumbukumbu alitozwa asilimia 3 ya kilichozidi milioni 4, yaani 60,000. Daftari lilimwokolea 40,000. Viwango hubadilika, ulizeni kila Julai.

Vijana, mkienda likizo, kaeni na wazazi jioni mwandike mauzo ya siku. Mimi nilisoma hesabu hapa miaka minne, nisimwandikie mama hata ukurasa mmoja.