CHACHU NA KICHUGUU



Injili ya leo, Dominika ya 16 ya Mwaka A, yatuonyesha mwanamke aliyeificha chachu ndani ya unga. Chachu ni jamii moja na uyoga. Bwana hakuona haya kuufananisha Ufalme wa Mbinguni na kuvu.

Novemba iliyopita, mvua za kwanza zilipokwisha kunyesha, tulirejea kwa miguu kutoka kigangoni, tukipita msitu wa miombo huku Tabora. Mbawa za kumbikumbi zilikuwa zimetapakaa njiani. Katekista akatuonyesha kichuguu, na ubavuni mwake uyoga mweupe umechomoza. Mchwa hao hawawezi peke yao kumeng'enya miti mikavu. Huitafuna, huijengea masega huko chini, na juu ya masega hulima kuvu. Kuvu huilainisha, ndipo wao hula. Kuvu hiyo nayo haiishi pasipo mchwa. Huko Zambia upo uyoga wa jamii hiyo, uliopewa jina la kitaalamu mwaka 1980, ambao kofia yake huweza kufikia upana wa mita 1. Mmoja hushibisha nyumba nzima, na jirani akaonjeshwa.

Tena, katika aina nyingi za mchwa hao, kumbikumbi huondoka kwao mikono mitupu. Watoto wao wa kwanza ndio watokao nje kutafuta mbegu za kuvu, laini kuliko vumbi, zilizopeperushwa na uyoga wa vichuguu vingine. Nyumba mpya hupata chachu kwa nyumba isiyoijua.

Hapo tulinyamaza. Maana kichuguu cha nyuma ya kanisa tulikwisha kukivunja sisi wenyewe wakati wa kiangazi, tupate udongo wa matofali ya nyumba ya mapadre. Hatukumwuliza mtu. Siku mbili kabla ya safari ile alikuja bibi mmoja na kikapu chake, kama afanyavyo kila mwaka. Akalitazama shimo. "Baba, uyoga umehamia wapi?" Tukamjibu kwamba twajenga. "Haya, Baba," akasema, akaenda zake. Na miezi hiyo ghala nyingi huwa tupu, mahindi yangali machanga. Kitabu cha Mithali humtuma mvivu kwa chungu; padre mwenye haraka ya kujenga hakutajwa.

Jioni ile tulikwenda kwake kumwomba radhi. Alitukaribisha kiti, akatunawisha mikono, akatupakulia ugali na uyoga alioufuata mwendo wa saa mbili.