Urujuani wa Usambara: Kuutambua, Kuukuza na Kuuandika Daftarini



Katika milima ya Usambara, Nguru na Uluguru, na ng'ambo ya mpaka katika milima ya Taita, mna mmea mdogo uotao juu ya mawe yenye kivuli, aghalabu kando ya vijito, ambao mkulima huupita bila ya kuutazama. Majani yake ni manene na yana vinyweleo. Ua lake ni la zambarau au samawati hafifu, lenye petali tano, na katikati vifuko viwili vya manjano vya chavua. Mmea huo huuzwa kwa vyungu katika masoko ya maua ya Ulaya na Marekani, na Wajerumani huuita hata leo Usambaraveilchen, yaani urujuani wa Usambara. Kwa ukoo hauhusiani na urujuani wa Ulaya. Wamefanana rangi tu.

Chama cha msingi kilicho karibu na misitu hiyo chaweza kufikiri kuukuza na kuuza. Fikira hiyo si mbaya hata kidogo. Lakini kabla ya chungu cha kwanza, chama hakina budi kujua aina iliyo mkononi, na mahali ilikotoka. Waliotangulia katika biashara hii hawakuyashughulikia sana mambo hayo, na matokeo yake yanajulikana.

Sir John Kirk alipeleka vipande vya mmea huu kwenye bustani ya Kew, Uingereza, mwaka 1884. Na mwaka 1887 akapeleka vingine W. E. Taylor, yule mmisionari aliyekusanya methali na mashairi ya Kiswahili huko Mombasa. Vipande hivyo havikuwatosha wataalamu kuupa mmea jina. Kisha Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga enzi za Wajerumani, akampelekea baba yake, naye akaufikisha kwa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen, Hannover. Mwaka 1893 Wendland aliuita Saintpaulia ionantha. Kumbe mali ile ilitoka mahali pawili, mabondeni karibu na Tanga na juu katika msitu wa mlimani, nayo ilikuwa aina mbili zilizopandwa kama moja. Ilipita miongo mingi kabla ya kutenganishwa. Ya pili ikapewa jina confusa, maana yake iliyochanganywa. Ni kosa lile lile la karani anayepokea kahawa ya daraja mbili kwa stakabadhi moja.

Katika miaka ya 1920 wakuzaji wa Los Angeles waliotesha mbegu zilizotoka Ulaya, wakachagua miche kumi iliyo bora, na biashara ya Marekani ikajengeka juu ya hiyo. Mwaka 1946 wapenzi wa ua hili huko waliunda chama chao. Mkulima wa Amani hakuwamo katika hesabu hizo.

Sasa, kutambua. Mtaalamu B. L. Burtt alizigawa aina kwa kutazama zaidi vinyweleo vya juu ya jani: virefu au vifupi, vilivyosimama au vilivyolala, au mchanganyiko wake. Kwa njia hiyo zilipatikana aina zipatazo ishirini. Lakini vinyweleo hubadilika toka mmea hata mmea, na mwaka 2006 Iain Darbyshire wa Kew alizipunguza zikawa sita, nyingi za zile za awali zikiwekwa kama matawi ya ionantha. Tangu 2015 wataalamu wameuingiza ukoo wote katika Streptocarpus. Katibu asishtuke akilikuta jina hilo. Wenye vitalu wangali wanasema Saintpaulia.

Kwa kazi ya chama, jicho lianze na umbo. Je, majani yamejipanga duara kama sahani, au shina linatambaa? Ule wa Amani uitwao grotei una shina refu litambaalo na vikonyo virefu. Ligeuzwe jani: velutina ya Usambara Magharibi ni nyekundu kwa chini, na juu ni laini kama mahameli. Ile ya Shume, shumensis, ni ndogo, ua lake karibu ni jeupe lenye doa la zambarau katikati. Goetzeana ya Uluguru huishi juu penye baridi, na ni shida kuitunza penye joto. Ile ya Taita, teitensis, yajulikana katika kilima cha Mbololo tu. Hapo ndipo penye uzito. Kuna aina ambazo makao yake ni kilima kimoja, na mtu mwenye kikapu aweza kuleta hasara isiyolipika kwa asubuhi moja.

Tena si kikapu peke yake. Katika Usambara Mashariki iliki ilipandwa chini ya miti mikubwa, na vichaka vya chini vikafyekwa. Kivuli kikipungua, jiwe hukauka, na mmea huu hufa hata kama hakuna aliyeugusa. Mwanachama wa iliki anaweza kusema kwamba ua haliliwi, naye ana haki ya kuulizia chakula chake. Ila na aulizwe pia kama kijito anachotegemea hakitoki chini ya kivuli hicho hicho.

Bahati ni kwamba hakuna haja ya kung'oa. Jani moja latosha. Hukatwa jani lililokomaa, si kuukuu, kikonyo kiachwe kama sentimita tatu na kukatwa mshazari, kisha kichomekwe katika mchanga uliochanganywa na mboji. Mizizi hutoka baada ya majuma matatu au manne. Miche midogo huchomoza katika mwezi wa pili au wa tatu, nayo hutenganishwa na kutiwa katika vyungu vidogo. Udongo uwe mwepesi, na chungu kiwe na tundu. Mwanga uwe mwingi lakini si jua kali. Joto la nyuzi 18 hadi 24 za Selsiasi ndilo lifaalo. Maji ya baridi yakidondokea majani huacha mabaka, na maji mengi huozesha kitovu. Wakuzaji wapya huiua zaidi kwa ndoo kuliko kwa kiu.

Hata jani hilo lisichukuliwe ovyo. Amani imekuwa hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, na kuchukua chochote humo ni kwa kibali. Kadhalika Mkataba wa Bayoanuwai wa mwaka 1992 umekiri haki ya kila nchi juu ya viumbe vyake. Mnunuzi wa nje anayetaka jani la mwitu bila karatasi hana la kusikilizwa. Kwa hiyo katibu afungue daftari la kitalu: namba ya mmea mama, msitu na kilima ulikotoka, namba ya kibali, tarehe, jina la mwanachama, na idadi ya majani. Namba hiyo hiyo iandikwe kwenye kibao cha kila mche. Mche usio na namba uuzwe kama ua la kupamba tu, kamwe usiuzwe kwa jina la aina.

Jambo la mwisho ni utitiri, mdudu asiyeonekana kwa macho matupu, ambaye pia huwasumbua wakuzaji wa siklameni huko Ulaya. Majani ya katikati yakiwa madogo, magumu, ya kijivu na yaliyojikunja, mmea huo utolewe kitaluni siku hiyo hiyo na kuchomwa, mikono inawe kwa sabuni, na sababu iandikwe mbele ya namba yake.