Jiwe Moja la Mombasa: Matembezi ya Mwenyeji

  Juma lililopita tulizungumza juu ya kuandika hesabu ya matumizi ya nyumbani. Leo tutafunga daftari la hesabu, tuvae viatu, tutoke nje. Somo letu ni juu ya matembezi katika mji wa Mombasa na pande zake, matembezi ambayo mtu mwenye kazi na mwenye watoto aweza kuyafanya katika siku zake za mapumziko bila ya kutumia fedha nyingi. Wale mnaosikiliza kwa vikundi, mmoja wenu na aandike, maana mwishoni nitawapa maswali.

Nitaanza kwa kukuelezeni jambo lililonifanya nilichague somo hili. Siku moja nilikuwa nimemshika mkono mjukuu wangu, tunapita chini ya ukuta wa Fort Jesus, mahali ambapo wenyeji wengi tunapaita Ngomeni. Mtoto akasimama, akautazama ukuta mpaka juu, akaniuliza, "Babu, mawe haya yote yalitoka wapi?" Nikamjibu kwamba ngome hii ilijengwa na Wareno. Akaniambia, "Sikukuuliza nani, babu. Nimeuliza mawe yalitoka wapi."

Wasikilizaji, nilinyamaza. Nimepita chini ya ukuta ule zaidi ya miaka arobaini, asubuhi nikienda kazini na jioni nikirudi, na mle ndani niliingia mara moja tu, nilipokuwa mwanafunzi. Nafikiri wengi wetu tu hivyo hivyo. Huingia Ngomeni siku tunapopata mgeni kutoka bara, anayetaka kuonyeshwa mji. Wazee walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini je, mgeni asipokuja, sisi wenyeji tusipone?

Basi nilikwenda nikauliza na kusoma, na jibu nililolipata ndilo litakalotuongoza leo. Jiwe lile ni tumbawe. Ndani ya bahari mna wanyama wadogo sana, wengine hawazidi punje ya mchele, na kila mmoja hujijengea kikombe cha chokaa cha kukaa ndani yake. Akifa, kikombe hubaki, na wengine hujenga juu yake. Vizazi kwa vizazi, vikombe hivyo huwa mwamba. Yapata miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo, na mahali tunapokaa palikuwa chini ya maji, pakijengwa na wanyama hao. Bahari iliposhuka, mwamba ukabaki nchi kavu. Kwa hivyo jiwe la Ngomeni halikutoka mbali. Mji wetu umesimama juu yake, na umejengwa kwalo.

Sasa twende tukalitazame jiwe hilo katika mahali pane. Tutafanya safari mbili: ya kwanza ni ya miguu, na ya pili ni ya matatu.

Safari ya kwanza. Anza asubuhi, kabla jua halijawa kali, uende Ngomeni. Ngome hii ilianzishwa mwaka 1593 na kumalizika mwaka 1596, na aliyeichora ni Mwitaliano, jina lake Giovanni Battista Cairati. Usiingie kwa haraka. Kwanza simama nje, upande wa nchi kavu, utazame handaki na sehemu ya chini ya ukuta. Utaona kwamba hapakujengwa tu, bali mwamba wenyewe ulichongwa, na juu yake ndipo mawe yalipopangwa. Fikiri ni mikono mingapi iliyotumika, na jua lilikuwa kali namna gani.

Ukiingia ndani, kumbuka miaka mitatu. Mwaka 1696 majeshi ya Oman yaliuzingira Wareno ndani ya ngome hii, na mzingiro ule ukaendelea mpaka Desemba 1698, ngome ilipotekwa. Waliokuwa ndani walikufa zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Mwaka 1697, wakati wa mzingiro huo, jahazi kubwa la Wareno lililoitwa Santo Antonio de Tanna lilizama mbele ya ngome. Wapiga mbizi walilichunguza katika miaka ya 1977 hadi 1980, na vyombo walivyovitoa vimewekwa katika makumbusho humo. Tena kumbuka kwamba tangu 1895 mpaka 1958 ngome ilikuwa gereza. Baadaye iligeuzwa makumbusho, na mwaka 2011 ikaingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Ukitoka Ngomeni, vuka uingie Mji wa Kale, ushike Ndia Kuu. Hapa hulipi kitu. Unachohitaji ni miguu na adabu. Ni mtaa wa watu, si makumbusho, basi toa salamu, vaa nguo za heshima, na usimpige mtu picha kabla ya kumwomba. Tazama milango ya nakshi na roshani za mbao. Kisha tafuta mahali ambapo lipu imebanduka, nawe utaliona jiwe lile lile la Ngomeni likichungulia. Kuta hizi huweza kufika unene wa nusu mita, na ndiyo sababu ndani ni baridi wakati nje ni moto. Kilichoyashika mawe ni chokaa, na chokaa yenyewe ni tumbawe lililochomwa. Waashi walipanga magogo, wakaweka mawe ya tumbawe juu, wakachoma, kisha wakayamwagia maji mpaka yakawa unga mweupe. Juu ya kuta wakalaza boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haiwi ndefu sana, na kwa hivyo vyumba vya kale ni virefu lakini ni vyembamba, kwa kawaida havifiki upana wa mita tatu. Basi ukiingia katika nyumba ya kale, jua kwamba aliyepima chumba kile ni mti wa pwani.

Hapa nataka kukwambieni jambo langu. Upande wa mama yangu tulikuwa na nyumba katika Mji wa Kale. Mwaka mmoja bati moja la paa lilitoboka, tundu lisilozidi upana wa kisahani cha chai. Warithi tulikuwa saba. Kila mmoja alisema, "Mwenzangu atatengeneza," na mimi nilikuwa miongoni mwao. Maji ya mvua yakaingia katika ncha za boriti ndani ya ukuta, mahali ambapo jicho halioni. Masika ya tatu boriti zikakatika usiku mmoja, sakafu ikaanguka, na ukuta mmoja ukaifuata. Kwa rehema ya Mungu, chumbani hamkuwa na mtu. Nyumba iliyowaweka watu wa vizazi vinne iliuliwa na tundu la bati moja. Sote tulikuwa tumeisoma shuleni methali isemayo, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Tuliisoma, lakini hatukuitenda. Nyumba ya tumbawe haiuliwi na umri, huuliwa na maji yanayoachwa kuingia. Basi mpitapo Ndia Kuu pamoja na watoto wenu, waonyesheni nyumba iliyotunzwa, kisha waonyesheni iliyoachwa, na muwaeleze tofauti yake.

Safari ya pili ifanyeni siku nyingine. Pandeni matatu za kwenda Mtwapa, mvuke daraja la Nyali, mfuate barabara ya Malindi mpaka Bamburi. Hapo pana bustani iitwayo Haller Park. Watu wengi huijua kwa wanyama wake, na hasa kwa habari ya kiboko mdogo aliyeitwa Owen, aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya mawimbi makubwa ya Desemba 2004, akaletwa hapo akafanya urafiki na kobe mzee. Watoto watataka kuisikia habari hiyo, nanyi wasimulieni. Lakini mtu mzima atazame ardhi anayoikanyaga.

Mahali hapo palikuwa shimo. Kiwanda cha saruji kilianza Bamburi mwaka 1954, na saruji hiyo hutengenezwa kwa jiwe letu la tumbawe. Jiwe lilipokwisha kuchimbwa, pakabaki jangwa jeupe, lenye joto na chumvi, lisilo na udongo wala jani. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kujaribu kupanda miti humo. Alijaribu aina 26, na zilizoweza kuishi zilikuwa 3 tu. Mti uliofaa zaidi ni mvinje, ule tunaouona ufukoni. Mizizi ya mvinje huishi pamoja na vijidudu vinavyoweza kuchukua mbolea katika hewa yenyewe. Lakini kukawa na shida: majani yake yaliyoanguka hayakuoza. Yakalala juu ya jiwe, makavu, wala hayakuwa udongo. Ndipo wakaletwa majongoo. Ndiyo, wasikilizaji, jongoo huyu tunayemruka njiani. Majongoo wakayala majani, na kinyesi chao kikawa udongo, na katika udongo ule ikamea miti mingine, wakaja ndege na wadudu. Mwaka 1984 watu wakafunguliwa njia ya kutembea msituni. Shimo lililochimbwa kwa mashine kubwa lilirudishiwa uhai kwa mti na mdudu, kidogo kidogo.

Kutoka hapo endeleeni na barabara ile ile, mpite Mtwapa, mfike njia ya kuingia Jumba la Mtwana, upande wa baharini. Ni yapata kilometa 20 kutoka kisiwani. Mkishuka barabarani mwaweza kwenda kwa miguu au kwa bodaboda. Huko mtakuta mji wa Waswahili uliokaliwa katika karne ya 14 na kuachwa katika karne ya 15. Jina lake la zamani halikuandikwa; hili la leo alipewa baadaye na watu wa jirani. Pana misikiti, nyumba zenye vyumba vyake, visima na makaburi, vyote vya tumbawe, na mibuyu imesimama katikati kama walinzi. Msikiti mmoja uko karibu kabisa na bahari. Kwa nini watu waliondoka? Wataalamu hutaja mambo matatu: biashara kugeuka, uvamizi, au maji ya kunywa kupungua. Kaeni kivulini, muwaache watoto wabishane ni lipi. Ubishi huo una faida kuliko masomo mengi ya darasani.

Mwisho, shukeni ufukoni mtazame bahari. Kule mawimbi yanakovunjika, mwamba wa matumbawe ungali hai. Mjukuu wangu, nilipompeleka, aliniuliza tena, "Babu, mawe bado yanatengenezwa?" Safari hii nilikuwa na jibu. Nilimwambia ndiyo, pale pale unapoona povu jeupe. Lakini ilinibidi nimwambie na la pili: mwaka 1998 maji ya bahari yalipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya pwani yetu yakageuka meupe yakafa. Serikali iliitenga sehemu ya bahari ya Mombasa kuwa hifadhi tangu 1986, lakini joto halijui mpaka. Yale yaliyo katika uwezo wetu ni machache, na tuyatimize: tusikanyage matumbawe maji yanapokupwa, tusiyavunje, tusiyanunue kuwa pambo la nyumbani, tusitupe nanga juu yake.

Sasa maagizo ya safari, yaandikeni.

1. Chukua kitambulisho chako. Mahali pengi mwananchi hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni. Bei hubadilika, basi uliza kabla ya kutoka nyumbani.

2. Chukua maji ya kunywa, kofia, na chakula cha nyumbani. Takataka rudi nazo.

3. Uliza wavuvi saa za maji kujaa na kupwa kabla ya kushuka ufukoni.

4. Usichukue jiwe, kigae wala kipande cha lipu. Kila mmoja akichukua kimoja, hakitabaki kitu.

Na haya ndiyo maswali ya vikundi. La kwanza: katika mtaa wenu, ni jengo gani la kale kuliko yote, na ni nani ajuaye habari zake? La pili: je, mtu huyo amekwisha kuulizwa? La tatu: kuna paa gani linalovuja ambalo kila mtu anamngojea mwenzake?

Swali hilo la tatu msiliache mpaka juma lijalo. Nendeni mkalitazame kesho, kabla ya masika.

Kwaherini, wasikilizaji, na matembezi mema.